Jina Lililoitwa Mlangoni mwa Mto

Kwa nini Bibi, ambaye hakuwahi hata siku moja kuniita kwa jina langu, alisimama mbele ya maji akaliita jina hilo kwa sauti yake yote, ilhali mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake?

Nikiwa mtoto sikuwa na jibu, na sikumuuliza mtu. Hilo lenyewe ni la ajabu, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuuliza mpaka watu wakimbie. Ustadhi wa madrasa alikuwa akinipa ruhusa ya kwenda kunywa maji kabla sijaomba, ili apumue. Mama alisema nikizeeka nitamuuliza hata mchimba kaburi kwa nini anachimba upande ule. Lakini swali hilo moja nililimeza, likakaa.

Limerudi karibuni kwa njia ya pua. Marafiki niliosoma nao chuo walipanga kwenda kulala mbugani mwisho wa wiki, wapige picha, wachome nyama, wasahau kazi. Mimi nilipewa jukumu la kukagua mahema ya kuazima. Nilifungua mfuko wa kwanza, ikanipanda harufu ya hema lililokunjwa kabla halijakauka: ukungu, chumvi kidogo, na moshi wa kuni wa siku nyingi. Nilifunga mfuko. Niliwaambia ninaumwa, wakaenda bila mimi, na usiku wakanitumia picha za moto wao. Niliziangalia moja moja nikitafuta kitu ambacho ningeona aibu kukitaja.

Utotoni tulikuwa tunakaa mtaa wa Chuno, mjini. Bibi, mama yake baba yangu, alikuwa na chumba chake uani, chenye mlango unaoangalia jiko. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, amevuka mpaka wakati wa vita ya uhuru ya kule akiwa mama kijana, na Kiswahili chake kilibaki na uzito wa Kimakua hadi mwisho. Majirani walimwita Bi Ancha. Alilima mihogo na kunde, alijua kutania, na hakupenda mtu amguse kichwani. Mimi aliniita mke mwenza, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wa kike. "Mke mwenza, amka, mume wetu hajanywa chai." Mume wetu, yaani Babu, alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, lakini tulimgombania kila asubuhi. "Jana alilala kwangu," Bibi alikuwa akisema, "leo mchukue wewe, anakoroma."

Ilinichukua muda kugundua kwamba jina langu halitoki mdomoni mwake. Aliwataja watu wote kwa majina. Hata kuku wake walikuwa na majina, na jogoo mmoja mkorofi alipewa jina la balozi wetu wa nyumba kumi, jambo lililotuletea ugomvi. Mimi nilibaki mke mwenza, au wewe, au huyu. Niliamua kwamba jina langu ni baya. Ninaitwa Atija. Shuleni mwalimu aliandika Hadija, kwa kudhani Baba amekosea kutamka, na Baba, mtu asiyependa mabishano, alirudi shuleni akiwa amevaa shati lake la Idi. "Andika Atija, mwalimu. Hivyo hivyo lilivyo." Kwa hiyo nilijua kwamba Baba analipenda jina hilo kuliko kawaida na kwamba Bibi halitaki, na nikadhani ni ugomvi wa ladha tu, kama watu wanavyotofautiana kuhusu pilipili.

Baba alikuwa dereva. Aliwapeleka wageni pwani ya kusini, kwenye hifadhi ya bahari inayofika mpaka Ruvuma inapoingia baharini, wakazamie na kuangalia matumbawe. Aliwajua askari wa hifadhi na alijua wapi pa kupata hema. Likizo moja akatangaza kwamba tunakwenda kupiga kambi. Nilizunguka mtaa mzima nikiwaambia wenzangu. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyewahi kupiga kambi. Kwetu kulala nje kulikuwa mambo ya misiba na mafuriko, hakukuwa jambo la kujivunia, na ilinibidi niwaeleze kwamba wapo watu wanaofanya hivyo kwa hiari. Mtoto wa jirani aliniuliza kama tumefukuzwa.

Mama alibaki na mdogo wangu aliyekuwa bado mchanga. Garini tulikuwa Baba, Bibi, mimi, na Shangazi Mwajuma, dada yake Baba aliyezaliwa upande huu wa mto na kuolewa mtaa wa Rahaleo. Shangazi alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Alikaa mbele, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye kioo, na kila tulipopita kwenye shimo alimwambia Baba, "Taratibu, kaka, sijabeba mayai ya kuuza." Bibi alikaa nyuma na mimi. Alikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, akakishika mapajani njia nzima.

"Bibi, nini hicho?"

"Unga."

"Unga tunao kwenye kiroba, Mama ameutia."

"Huu mwingine," alisema, akageukia dirishani.

Tulipita Madimba, ambayo wakati huo ilikuwa mihogo na minazi tu, mitambo ya gesi haijafika. Baada ya hapo barabara ilikuwa mchanga. Kwenye lango la hifadhi alitoka askari kijana, mtu wa Mara kwa lafudhi, akatusomea masharti kama mwalimu wa zamu. Msikate mkoko. Msiokote konokono wala matumbawe. Mkiona vijiti vimesimikwa mchangani, ni viota vya kasa, msikanyage. Na upande wa mlango wa mto msioge, kuna viboko.

"Kiboko baharini?" niliuliza.

"Wanashuka na maji ya mto. Wanakuja kubadilisha hewa, kama ninyi." Kisha akamwona Bibi. "Shikamoo, bibi. Na wewe unakuja kulala kwenye hema? Kunguni wamekufukuza nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Kulala nje nimelala sana. Sikujua kama ni starehe."

Askari alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari. Baba hakucheka. Alitia gia, akashukuru, akaondoka.

Nikisema kwamba mchana ule ulikuwa mchana mzuri kuliko yote ya utoto wangu, sitakuwa natia chumvi. Tulisimamisha hema chini ya miti ya mivinje, na ile sauti ya mivinje, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno, ilinipendeza kabla haijaanza kunitisha. Baba alinifundisha kuelea chali. Alinishika mgongoni kwa kiganja kimoja, akaniambia nitazame juu na nisifikirie miguu yangu, na nilipogundua kwamba ameshaniachia nilikuwa nimeshaelea. Tulichoma samaki aina ya changu. Kaa weupe wa mchangani walitoka mashimoni wakasimama kututazama na macho yao ya vijiti, na mimi nikawakimbiza kutwa nzima bila kumshika hata mmoja. Shangazi alipanga matango na limao kwenye sinia kana kwamba tuko harusini. Tulikuwa watu wa kwenye matangazo ya utalii, ila tulikuwa weusi na tulikuwa na ndoo.

Bibi tu ndiye hakuwa kambini. Mwili wake ulikuwepo, alikula na kumtania Baba kuhusu tumbo lake, lakini alikaa akiwa ameipa bahari ubavu, uso wake kusini. Upande ule ufuko ulipinda, na maji yalibadilika rangi, kutoka buluu hadi rangi ya chai ya maziwa. Pale mto ulikuwa unaingia. Nilimuuliza anaangalia nini. Alisema anaangalia maji yanavyokwenda.

Jioni, nikiwa ndani ya hema, niliwasikia wakizungumza kwenye moto. Hawakunong'ona. Watu wazima huamini kwamba mtoto aliyelala chali na kufumba macho hana masikio.

"Kaka, mwambie," alisema Shangazi.

"Mwambie wewe, ndiye mwenye haja."

Nilisikia kuni zikisogezwa. Kisha Shangazi, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Mama, mimi nimechoka kuzika. Huyu nataka nimlee."

"Nani amekukataza?"

"Wazee wamesema. Aliyeachwa bila unga anakaa mlangoni. Hapiti mtu."

"Wazee gani?"

"Wa ukoo, Mama. Wale wa Rahaleo."

"Wazee wa Rahaleo hawakuwepo," alisema Bibi. "Walikuwa Rahaleo."

Baba alikohoa. "Mama, asubuhi maji yatakuwa yametoka. Utakwenda mwenyewe, sisi tutasimama mbali. Ni kumwaga tu, kidogo, chini ya mti. Halafu basi. Tupumzike wote."

"Wewe umeshapumzika zamani," alisema Bibi. "Siku ile uliyotoa jina."

Niliwasikia wakizima moto kwa mchanga.

Mambo ya unga niliyajua nusunusu. Kwa watu wa Bibi, ukitaka kusema na waliotangulia, unachukua unga wa mtama, unaumwaga taratibu chini ya mti mpaka usimame kama kichuguu kidogo chenye ncha. Ukikutwa kesho yake umesimama hivyo hivyo, umepokelewa. Ukikutwa umevunjika, kuna neno. Niliwahi kuona ukimwagwa nyuma ya nyumba ya Shangazi, wakati wa msiba mmojawapo kati ya ile ambayo watoto hatukuelezwa. Kwa hiyo pale hemani nilielewa kwamba kuna mtu aliyeachwa, na kwamba anakaa mlangoni. Ambacho sikuelewa ni mlango gani. Hema letu lilikuwa na mlango mmoja, wa zipu, nao ulikuwa wazi kidogo kwa chini. Nilivuta miguu yangu mpaka magoti yakafika kidevuni, na nikalala hivyo.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka, rangi ya maji ya mchele, na nafasi ya Bibi ilikuwa tupu. Nilitoka. Baba na Shangazi walikuwa wamesimama kwenye mivinje wakiangalia kusini, Shangazi amejifunika kanga mpaka kichwani. Hawakuniona. Nilishuka chini, kwenye mchanga ulioachwa na maji, nikafuata nyayo za Bibi, kwa sababu pale mchanga ulikuwa mgumu na ulinipendeza miguuni. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Karibu na mlango wa mto kulikuwa na mti mmoja peke yake, mvinje uliopindishwa na upepo, mizizi nje. Bibi alikuwa ameshaufikia. Kifurushi cheupe kilikuwa mkononi. Alisimama pale kwa muda, akauangalia mti kama mtu anavyoangalia kiti alichoambiwa akalie na hataki, kisha akaupita. Aliteremka mpaka maji yalipomgusa vidole vya miguu. Mbele yake, katikati ya mlango wa mto, fungu la mchanga lilikuwa limejitokeza, refu, limelala kama mgongo wa kitu.

"Atija," aliita.

Nilisimama. Kwanza nilifurahi. Ni kweli, nilifurahi kwa kitambo kifupi: kumbe analijua, kumbe anaweza kulitamka, na linasikika vizuri. Halafu nikaona kwamba hanitazami.

"Atija. Njoo, mwanangu. Mtumbwi umerudi."

Aliita kwa sauti ya kumwita mtoto aliyetumwa kwa jirani akachelewa, na hasira kidogo za mama ambaye chakula kinapoa. Hakulia. Alisubiri, kichwa kimeinama upande mmoja, akisikiliza. Na hapo, kati yetu na lile fungu la mchanga, kwenye maji ya rangi ya chai, kikatokea kichwa. Kilikuwa cheusi, cha mviringo, kinang'aa. Kilibaki juu, bila kwenda mbele wala nyuma, kikitutazama. Kisha kikazama, na maji yakajifunga.

Leo najua alikuwa kiboko. Nilijua hata siku ile, mahali fulani, kwa sababu askari alikuwa ametuambia. Lakini kujua huko hakukunisaidia. Nilichoona ni kwamba Bibi amemwita Atija, na Atija ameinuka majini kuangalia nani anamwita.

Bibi aliita mara nyingine. Na mimi, ambaye nimelelewa kwamba ukiitwa na mkubwa huna ruhusa ya kunyamaza, nilisikia mdomo wangu ukijibu wenyewe.

"Abee."

Aligeuka. Nimejaribu kuuelezea uso ule kwa watu wawili tu maishani, na kwa wote nilishindwa. Ulikuwa uso wa mtu kijana. Mikunjo yote iliondoka, macho yakafunguka, mikono ikaanza kuinuka, na kifurushi kikaning'inia kwenye kidole. Kisha akaniona ni mimi. Sijawahi kuona kitu kikizimika namna ile, na nimeshaona watu wakifa.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Bibi, umeniita."

"Sikukuita wewe," alisema.

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenifokea ningelia, na kulia kungenisaidia. Alikuja akanishika mkono, wake ukiwa baridi na mchanga, na tulipoupita ule mti uliopinda hakuugeukia. "Twende, mke mwenza," alisema. "Una njaa."

Kambini alikoka moto mwenyewe, akabandika sufuria. Shangazi alikuja mbio kadiri tumbo lilivyomruhusu. "Mama, umeweka?" Bibi alifungua fundo, akamimina ule unga wa mtama kwenye maji ya baridi, akaanza kuuvuruga na mwiko.

"Mama, unafanya nini? Mama, huo ni wa—"

"Unga ni unga. Mtoto ana njaa."

"Kaka," Shangazi aliita, "kaka, njoo umwone mama yako." Baba alikuja, akasimama, akatazama sufuria, na akakaa chini kwenye mchanga kama mtu aliyeambiwa akae. Sikuwahi kumwona Baba akikaa mchangani akiwa amevaa suruali safi.

Uji ulipoiva Bibi alimimina vikombe. Cha kwanza alinipa mimi. Cha pili alimshikisha Shangazi, ambaye alikuwa analia bila sauti, machozi yakimdondokea kifuani. "Kunywa," Bibi alimwambia. "Unga tunawamwagia waliokufa. Mimi wa kumwagia hapa sina. Wewe una mtu tumboni, mnywie." Shangazi alikunywa. Alilia na kunywa, kikombe kizima. Mimi nami nilikunywa. Ulikuwa na moshi na punje za mchanga, na ulikuwa mtamu, na nilipomaliza niliogopa kuomba mwingine, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu za kitoto: kuna Atija majini, yeye ndiye anayeitwa na anayetakiwa. Mimi niko hapa kwa kushikilia nafasi. Siku atakaposikia vizuri atatoka, na mmoja wetu itabidi aingie.

Siku ile sikuoga baharini. Baba alisema, "Si jana ulikuwa samaki?" Nikasema nina baridi. Wakati wa kukunja hema niliingia garini peke yangu, nikafunga vioo.

Hofu hiyo haikuondoka eti kwa sababu nilikua. Ilibadilisha nguo tu. Kwa miaka, nikiitwa nikiwa uwanjani au sokoni, nilisubiri kwanza, nione kama kuna mwingine atakayeitika. Walimu walidhani nina kiburi. Hata sasa, nesi akiita jina langu kwenye foleni, kuna kipande kidogo cha kimya kabla sijasimama. Nimesoma, sikubali jambo kwa sababu wazee wamesema, naweza kueleza kwa nini kiboko hutoa kichwa na kuzama. Kile kimya nacho hakielezeki, na kipo.

Shangazi alijifungua salama, mtoto wa kiume, ambaye sasa ana ndevu na anabishana na kila mtu kuhusu mpira. Sitaki kulifanya hilo kuwa ushahidi wa chochote. Wanawake huzika watoto wachanga na baadaye hulea wengine bila unga kumwagwa wala kutomwagwa. Nasema tu kwamba alizaliwa.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Aliniita mke mwenza mpaka mwisho. Ilikuwa baada ya hitima yake, tukiwa uani tunasugua masufuria, ndipo nilipomuuliza Shangazi, na Shangazi akanieleza huku akiendelea kusugua.

Siku ya kuvuka, Bibi alikuwa na watoto wawili. Baba alikuwa mgongoni, hajui hata kutembea. Mwingine alikuwa msichana wa umri kama niliokuwa nao kambini. Walifika na watu wengine kwenye fungu la mchanga, mlangoni mwa mto, maji yakiwa yametoka. Mtumbwi ulikuwa mmoja na ulishajaa. Mwenye mtumbwi alisema aliye na mtoto mgongoni apande, wengine atawarudia. Bibi alimwambia msichana ashike kanga ya mama mmoja waliyekuwa naye, asimwachie, yeye anakuja. Walipofika upande huu zikasikika risasi, na mwenye mtumbwi akakataa kurudi. Bibi alimpigia magoti. Maji yakaanza kuingia. Alipopata mtu wa kumrudisha, fungu la mchanga lilikuwa chini ya maji, na hapakuwa na mtu wala kanga.

"Watu wote walisema amekufa," Shangazi alisema. "Mama hakusema. Aliambiwa amwekee unga, akasema nitawekaje unga wa mtu ambaye sijamwona amekufa."

"Na jina?"

Shangazi aliweka sufuria chini. Akaniambia jambo ambalo kila mtu wa ukoo alilijua isipokuwa mimi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kunieleza. Kwa watu wa Bibi, jina halikai kwa watu wawili walio hai. Mwenye nalo akifa, ndipo hupewa mtoto anayezaliwa. Baba alikulia mjini na mila hizo alizishika kwa kusikia tu. Nilipozaliwa alitaka kumpa mama yake zawadi. Alidhani kumsikia mtu akiitwa Atija tena ndani ya nyumba kutampoza. Akalitaja mbele ya watu, siku ya saba, kwa furaha, na watu wakaitikia. Bibi aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Kwake yeye, mwanawe wa kiume alikuwa amesimama hadharani akatangaza kifo cha dada yake.

"Kwa nini hakumwambia Baba alibadilishe?"

"Alisema jina likishatolewa limetolewa. Ila yeye hatalitumia. Alikuwa akilitunza."

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mambo. Nililielewa swali langu, nikamhurumia Bibi, nikamsamehe Baba, nikaenda chuo.

Baadaye, watu walipoanza tena kuvuka Ruvuma wakikimbia mapigano ya upande wa pili, alifika kwetu Chuno mzee mmoja wa ukoo wa Bibi, ameelekezwa na watu nyumbani kwa Bi Ancha. Alikaa siku kadhaa. Alikuwa mtu wa pwani ya kule, mchemsha chumvi, mpole, mwenye kikohozi. Jioni moja Baba alimweleza habari za dada yake, kama alivyomweleza kila mgeni kutoka ng'ambo, bila kutegemea kitu. Mzee aliweka bakuli chini.

Alisema kijijini kwao alikuwepo mwanamke aliyeletwa akiwa msichana, ameshika kanga ya mama mmoja, wamerudi kwa miguu kutoka fungu la mchanga kabla maji hayajajaa. Alilelewa na wachemsha chumvi. Aliitwa Atija, na aliolewa hapohapo.

Nilimbana kwa maswali kama wakili. Nilimwambia Atija ni jina la kila nyumba upande ule, na vita iliacha watoto wengi. Alikubali yote. "Lakini huyu," alisema, "alikuwa akisimulia kwamba mama yake alipanda mtumbwi na mdogo wake wa kiume mgongoni, halafu zikapigwa risasi upande alikoelekea. Alisema mtumbwi haukurudi kwa sababu waliokuwemo walikufa wote. Alikuwa na hakika hiyo."

Baba aliuliza kama yupo hai. Mzee alisema alifariki kwa maradhi, si zamani sana, baada ya Bibi. Mwaka ule tulipopiga kambi alikuwa hai, analima, upande wa pili wa maji yaleyale. Baba alitoka nje, akasimama uani, mbele ya mlango wa chumba cha mama yake.

Nilibaki mimi na mzee. Nilimuuliza kama ameacha watoto. Alisema ameacha, na binti yake wa kwanza, ambaye ni mkubwa kuliko mimi, anaitwa Ancha.